Hofu Ina Nyumba: Historia ya Filamu za Kutisha Dar es Salaam

Mwaka 1959, Uhuru ukiwa unanukia, watu wa Buguruni walipambana na polisi kwa sababu ya mumiani. Buguruni ya siku hizo ilikuwa kijiji pembezoni mwa Dar es Salaam, upande wa njia iendayo Pugu. Ukiifuata njia hiyo unazipita Vingunguti na Kiwalani, kisha unaikuta Kipawa na uwanja wake wa ndege. Habari ilikuwa imeenea kwamba kuna watu wanakamatwa na kutolewa damu ili itengenezwe dawa, na kwamba wenye mamlaka wamo katika njama hiyo. Umati ukakusanyika, ghasia zikazuka, na askari polisi mmoja akauawa.

Watu wa pwani walikuwa wakilijua jina la mumiani tangu zamani. Nairobi na Kampala hofu hiyo hiyo ilivaa sare za wazimamoto: ilisemekana gari lao hupita usiku, humchukua mtu anayetembea peke yake, na asubuhi hakuna anayemwona tena. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi ya namna hiyo kutoka Afrika Mashariki na ya Kati, akayatolea kitabu mwaka 2000. Baadaye James Brennan akakichambua kisa cha Buguruni. Wote wawili waliyachukua masimulizi haya kwa uzito, kwa sababu yanaeleza jinsi watu walivyouona utawala uliokuwa juu yao. Mtu aliyetozwa kodi, akapelekwa kazi za shuruti, akachanjwa na kupimwa bila kuulizwa, hakushangaa kuambiwa kwamba serikali inaitaka na damu yake.

Ndiyo maana historia ya filamu za kutisha za Dar es Salaam haianzi na kamera. Mji ulikuwa na hofu zake kabla ya kuwa na watengeneza filamu, na kila hofu ilikuwa na mahali pake, sura yake na sababu yake. Kamera za video zilipofika mikononi mwa vijana wa mitaani mwanzoni mwa miaka ya 2000, hofu hizo zilikuwa zikisubiri kupigwa picha.

Jumba na dhambi yake

Huko Ulaya hadithi za aina hii zina tarehe ya kuzaliwa. Mwaka 1764 Mwingereza Horace Walpole alitoa The Castle of Otranto, riwaya ya jumba la kale, ukoo uliorithi kwa dhuluma, na nguvu zisizoonekana zinazokuja kudai haki. Hadithi za mkondo huo zikaitwa za Kigothi. Mary Shelley akafuata na Frankenstein mwaka 1818, Bram Stoker akaja na Dracula mwaka 1897. Vitisho vyao vinatofautiana, lakini chini yake kuna kauli moja: lililofanywa gizani na mababa litawafikia watoto, na nyumba iliyojengwa juu ya dhuluma haitalala.

Sinema ilizaliwa na kuichukua kauli hiyo papo hapo. Mwaka 1896 Mfaransa Georges Méliès alitengeneza Le Manoir du diable, filamu ya dakika chache ambamo popo anaingia katika jumba la kale na kugeuka shetani. Mwaka 1922 Mjerumani F. W. Murnau akatoa Nosferatu. Mwaka 1931 studio ya Universal ya Marekani ikatoa Dracula, kisha Frankenstein, na sura za Bela Lugosi na Boris Karloff zikazunguka dunia nzima. Mwaka 1940 Alfred Hitchcock akatoa Rebecca, ambamo hakuna jini wala maiti anayetembea. Kuna bibi arusi mpya anayeingia katika jumba la mumewe na kukuta mke wa kwanza, marehemu, bado anatawala. Nguo zake zimo kabatini, jina lake limo midomoni mwa watumishi, na mtunza nyumba hamruhusu mgeni asahau hata siku moja. Mtu yeyote aliyewahi kuona mke mpya akiingia katika nyumba yenye kivuli cha aliyetangulia ataielewa Rebecca bila kujua neno la Kiingereza. Miaka 20 baadaye, katika Psycho, Hitchcock alichukua nyumba ya juu ya kilima na mama aliyemo ndani, akaihamishia hofu yote katika kichwa cha kijana mpole wa hoteli ya kando ya barabara.

Kwa Dar es Salaam, hata hivyo, njia kuu ya sinema haikutoka London wala Hollywood peke yake. Wenye kumbi wengi walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya India, na filamu za Kihindi zilipendwa na watu wa kila asili. Bombay ilikuwa na Ugothi wake. Mwaka 1949 Kamal Amrohi alitoa Mahal: Ashok Kumar anaingia katika jumba lililoachwa, anakuta picha ya mwenye nyumba wa zamani inafanana naye, na sauti ya mwanamke inaimba usiku bila mwimbaji kuonekana. Mwimbaji huyo alikuwa Madhubala, na sauti ilikuwa ya Lata Mangeshkar, ambaye filamu hiyo ilimfungulia njia ya umaarufu. Mwaka 1958 Bimal Roy akatoa Madhumati, yenye mvua, nyumba ya mlimani, mwanamke aliyekufa kwa dhuluma, na mapenzi yanayorudi katika maisha mengine. Jumba, wimbo na marehemu mwenye madai: fungu hilo la vitisho linasikika karibu na masikio ya pwani kuliko ngome za Dracula, kwa sababu hata huku kwetu marehemu hurudi akiwa na jambo la kusema.

Kumbi zenyewe zilikuwa mjini: Empire, Empress, Avalon, Odeon, Cameo, New Chox. Mwaka 1966 ikaongezeka Drive-in upande wa Msasani, pale ulipo sasa ubalozi wa Marekani. Mtu wa Kipawa aliyetaka kuangalia picha alifunga safari ya kilomita kumi na zaidi hadi katikati ya mji, akarudi usiku kwa kile kilichopatikana. Kwa hiyo sinema ilikuwa tukio la kuvalia nguo nzuri, na simulizi yake ililetwa mtaani na yule aliyeiona, ikasimuliwa upya barazani kwa maneno, mikono na macho.

Bwana Msa na mzimu

Kabla Watanzania hawajaanza kutengeneza filamu zao za kutisha, waandishi walikuwa wamekwishaitengeneza hofu kwa maneno. Mwaka 1960 Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alichapisha Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda shindano la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki. Mzimu upo, watu wanauogopa, na maiti inakutwa hapo. Kisha anakuja mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, anauliza maswali, na pole pole inadhihirika kwamba hofu ya mzimu ilikuwa pazia la mkono wa binadamu. Mwaka 1968 mwandishi huyo huyo akatoa Kisima cha Giningi, akichukua jina la mahali ambapo Wazanzibari husema wachawi hukutana. Faraji Katalambula, upande wa Bara, alikuwa ametoa Simu ya Kifo mwaka 1965, riwaya ya mauaji ndani ya Dar es Salaam yenyewe, ambamo simu ikilia msomaji anashtuka.

Urithi wa Abdulla una thamani kubwa kwa jambo ambalo tutalirudia. Alijua kutisha, na alijua pia kwamba hofu inaweza kutumiwa na mjanja kuficha uovu wake. Msomaji wake anatoka katika hadithi akiwa ametetemeka na akiwa amefunguka macho. Si kila aliyemfuata aliyabeba yote mawili.

Serikali nayo ilikuwa na mawazo yake kuhusu picha. Wakoloni walikwisha kufanya jaribio lao la filamu za kufundisha Waafrika kati ya 1935 na 1937, makao yake yakiwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Baada ya Uhuru ilianzishwa Kampuni ya Filamu Tanzania, mwaka 1968, na sinema ikatarajiwa kujenga taifa. Katika mpango huo majini na mizimu hayakuwa na nafasi. Yalibaki katika vitabu, katika masimulizi ya usiku, na katika filamu za nje.

Kibanda

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Lakini deki za video zilikuwa zimeanza kuingia miaka ya 1980, na zikaugeuza mji. Kumbi kubwa zikaanza kukosa watu, moja baada ya nyingine ikafungwa au kugeuzwa matumizi. Pembezoni mwa mji ikawa kinyume chake: Kipawa, Vingunguti, Temeke, Manzese na Mbagala kwa mara ya kwanza zikapata sinema zao wenyewe, nazo ni vibanda vya video, ambavyo watazamaji wenyewe waliviita vibanda umiza kwa jinsi mgongo ulivyoteseka.

Kibanda kilikuwa hivi. Nje kuna ubao ulioandikwa kwa chaki majina ya filamu za siku hiyo na saa zake. Mlangoni kuna kijana anayepokea kiingilio cha sarafu chache. Ndani kuna giza lililotengenezwa kwa maturubai na maboksi yaliyozibia kila upenyo, mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo, televisheni moja juu ya meza au ndani ya kabati la mbao lenye kufuli, na deki chini yake. Joto ni la bati. Watoto hukaa chini mbele, wakubwa nyuma. Steringi, yaani shujaa wa filamu, akitokea wanapiga kelele, maana steringi hafi. Adui akinyemelea wanamwonya steringi kwa sauti kana kwamba anawasikia. Katika filamu ya kutisha kelele hizo hukoma ghafla, na hapo unasikia jenereta la nje na pumzi za watu mia ndani ya chumba kimoja.

Lugha ilikuwa tatizo, na mji ukalitatua kwa ufundi wake. Wakatokea watafsiri, watu waliosimulia filamu kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu yenyewe, kwanza mbele ya watazamaji na baadaye katika kanda zilizouzwa na kukodishwa. Maarufu kuliko wote alikuwa Lufufu Mkandala, ambaye sauti yake ilifahamika kuliko sura yake. Mtafsiri wa aina hii alifanya zaidi ya kugeuza maneno. Aliwapa wahusika majina ya mitaani, alieleza mila za huko ugenini kwa kuzifananisha na za hapa, alitabiri lijalo na kumlaumu mjinga anayefungua mlango asiopaswa kuufungua. Matthias Krings, mtafiti wa Kijerumani, ameandika kwa kirefu juu ya kazi yake, na ni haki, kwa sababu Lufufu na wenzake ndio waliowakalisha wageni wa Hollywood na Hong Kong kwenye mkeka wetu.

Kisha zikaja filamu za Nigeria. Mwaka 1992 Living in Bondage ilionyesha mtu anayemtoa mkewe kafara ili awe tajiri, na marehemu mke akarudi kumwandama. Mtindo huo ulifika Dar es Salaam karibu na mwanzo wa miaka ya 2000 na kuteka soko. Waliotazama waliona kitu ambacho Dracula hakuwahi kuwapa: watu weusi, nyumba za saruji, magari ya kisasa, ndugu wanaogombea mali, na uovu unaotoka ndani ya familia. Filamu hizo zilitengenezwa kwa kamera ya video na bajeti ndogo. Vijana wa Dar walipoziona walijua kwamba hata wao wanaweza.

Mussa Banzi na wenzake

Mwaka 2003 George Tyson alitoa Girlfriend, na filamu hiyo mara nyingi hutajwa kama mlango wa kile tunachokiita Bongo Movie. Waigizaji walikwisha kupikwa katika vikundi vya maigizo ya televisheni, hasa Kaole Sanaa Group, walikotoka Steven Kanumba, Vincent Kigosi na Blandina Chagula. Wasambazaji walikuwa Kariakoo. Filamu ilirekodiwa kwa siku chache, ikahaririwa kwa kompyuta moja, ikagawanywa sehemu ya kwanza na ya pili, ikaingia sokoni kwa kanda za VHS na baadaye diski.

Katika wimbi hilo Mussa Banzi, aliyekuwa na kikundi cha Tamba Arts Group, aliamua kutisha. Filamu yake Nsyuka ikatoka kwanza, na mwaka 2005 ikafuata Shumileta, filamu ya jini mwenye umbo la mwanamke mzuri anayeingia katika ulimwengu wa wanadamu, mwenye mapenzi na mwenye kuua. Mtafiti Claudia Böhme, aliyezifuatilia filamu hizi akiwa Dar es Salaam, ameonyesha jinsi zilivyoshonwa kwa vipande vya kila mahali: meno marefu kutoka filamu za wazungu, utajiri wa kichawi kutoka Nigeria, majini ya bahari kutoka pwani, mganga na vifaa vyake kutoka mtaani. Shumileta ana undugu na Dracula, lakini mwenyeji wa pwani anamtambua kwa jina jingine kabisa, maana habari za mwanamume aliyeoana na jini bila kujua zimesimuliwa huku vizazi na vizazi.

Tazama namna jini anavyotoweka katika filamu za aina hiyo. Kamera imewekwa juu ya kigoda chake cha miguu mitatu na haiguswi. Mwigizaji anasimama katikati ya sebule, anacheka. Mwongozaji anasema wote wagande. Kamera inasimamishwa, mwigizaji anaondoka mbio nje ya picha, waliobaki wanakaa walivyo bila kupepesa, kamera inawashwa tena. Katika kuhariri, vipande viwili vinaunganishwa, mlio unawekwa juu yake, na jini ameyeyuka. Ni ufundi ule ule wa Méliès wa mwaka 1896. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, katika sebule ya kuazima, watu wasio na studio walilishika tena mojawapo ya mambo ya kwanza ambayo sinema ilijifunza kuyafanya.

Na sebule hiyo inastahili kuangaliwa. Kigothi cha Ulaya kilihitaji ngome. Dar es Salaam haikuwa na ngome, ilikuwa na jumba la kifahari la Mbezi Beach au Mikocheni, lenye geti, vigae, makochi makubwa na ngazi za ndani. Katika filamu za kutisha jumba hilo huonekana mwanzoni kama ndoto ya kila mpangaji wa chumba kimoja. Dakika chache mbele tunaambiwa limejengwa kwa nini. Baba ametoa kafara. Kuna chumba kisichofunguliwa. Mtoto anaugua ugonjwa usio na jina hospitalini. Walpole angeitambua hadithi hiyo mara moja: ni urithi wa dhuluma, na nyumba inautapika.

Upo pia msukule, mtu anayeaminika kuwa amekufa na kuzikwa ilhali amechukuliwa kichawi na kufanyishwa kazi usiku kwa faida ya mwingine. Mwaka 1932 filamu ya Kimarekani White Zombie ilionyesha maiti wakisukuma kinu cha miwa huko Haiti, nchi ambayo kumbukumbu ya utumwa ni mbichi. Msukule wetu ni ndugu wa wale. Ni mfanyakazi asiyelipwa, asiyesema, asiyechoka, ambaye ukoo wake umekwisha kumlilia. Katika mji uliojaa vijana wanaofanya kazi za kutwa kwa ujira usiofikia jioni, hofu hiyo haikutoka hewani. Kama mumiani wa 1959, inauliza swali la wazi: nani ananenepa kwa jasho la nani?

Zipo tofauti na Nigeria zinazostahili kutajwa. Katika filamu nyingi za Kinigeria mwisho huja na mchungaji na Biblia mkononi, na shetani anatoka kwa sala. Katika filamu za Dar es Salaam, mji wa Waislamu na Wakristo waliochanganyika nyumba moja na koo moja, mara nyingi anayeitwa ni mganga, naye mwenyewe ana nguvu za kutiliwa shaka. Hofu haimalizwi kwa ushindi wa dini moja. Inamalizwa kwa mapatano, au kwa kulipa deni, au haimaliziki.

Nyumba za Kipawa

Kipawa yenyewe ilipata simulizi ya nyumba ambayo haikuhitaji mwandishi wa kubuni. Ili kupanua uwanja wa ndege, nyumba za huko na mitaa ya jirani zilifanyiwa tathmini mwaka 1997. Fidia haikuja mwaka uliofuata, wala uliofuata huo. Zaidi ya miaka kumi ilipita. Katika muda huo mwenye nyumba hakujua ajenge au asijenge, apake rangi au aache, azike wazee wake hapo au awapeleke kwingine. Ukuta ukipasuka unabaki umepasuka, kwa kuwa hakuna anayetengeneza kilichokwisha kuhesabiwa kuwa cha kubomolewa. Malipo yalipoanza na watu wakahama, wengine kwenda viwanja vya upande wa Pugu, zilibaki kwa muda nyumba zisizo na milango, sakafu zenye alama za vitanda, na misingi iliyoota majani kando ya uzio wa uwanja. Tangu Agosti 2019 abiria wanatua na kushuka katika jengo jipya la tatu la uwanja huo, bila kujua waliopisha.

Hiyo ndiyo hali ambayo waandishi wa Kigothi waliisaka kwa karne mbili: mtu anayeishi katika nyumba yake kana kwamba si yake, akingoja hukumu iliyotolewa mahali asipopaona. Filamu zetu zilichelewa kuiona. Zilikimbilia Mbezi Beach kuazima majumba, huku Kipawa mitaa mizima ikiwa imeshikwa na subira iliyotisha kuliko meno marefu ya plastiki.

Hofu inapomgeukia mnyonge

Mwaka 2007 Popobawa, shetani wa masimulizi ya Visiwani, alivuka bahari. Alikuwa ameitikisa Pemba na Unguja mwaka 1995, watu wakalala nje makundi makundi na moto ukiwaka, kwa kuamini kwamba anaingia vyumbani usiku na kuwadhalilisha wanaolala. Sasa habari zake zikaenea Dar es Salaam. Popobawa akaingia pia katika filamu za Bongo. Hofu ya mtaani na hofu ya kwenye diski zikawa zinalishana.

Hapa ndipo historia hii inapokuwa nzito. Katika Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa miaka mingi kwa kusingiziwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa kuni za kupikia familia. Kuanzia mwaka 2007 taifa likashuhudia mauaji ya watu wenye ualbino, viungo vyao vikiuzwa kwa wanaotafuta utajiri. Yale ambayo katika filamu yalikuwa kafara ya kubuni yalikuwa yanatendwa kwa mapanga. Filamu inayomwonyesha bibi mzee wa kijijini kama chimbuko la kila msiba, bila kuuliza lolote, imeungana na wale wanaomjia usiku. Hili lazima lisemwe hata na sisi tunaozipenda filamu hizi, na hasa na sisi.

Lakini dawa si kuziacha filamu za kutisha. Dawa ni kuitumia hofu kwa uadilifu, na mifano ipo. Mwaka 2001 Martin Mhando na Ron Mulvihill walitoa Maangamizi, filamu ya kwanza kuwakilisha Tanzania katika kinyang'anyiro cha tuzo za Oscar. Amandina Lihamba anaigiza Samehe, mgonjwa katika hospitali ya magonjwa ya akili aliyefungwa na kimya cha miaka mingi kwa sababu ya aliyoyaona utotoni. Daktari mwenye asili ya Afrika anakuja kutoka Marekani kumtibu, na kati yao anasimama bibi wa kale, mzimu wa ukoo. Kila kitu cha Kigothi kimo: jengo la kufungia watu, dhambi ya baba, marehemu asiyeondoka. Ila marehemu huyu amekuja kuponya, na kinachotisha ni lile ambalo walio hai walilitenda na kulinyamazia. Mwaka 2013 filamu White Shadow ya Noaz Deshe ikamfuata kijana mwenye ualbino anayewindwa, ikatuzwa katika tamasha la Venice. Mtazamaji wake anaogopa pamoja na anayewindwa. Hapo ndipo kamera inapaswa kusimama.

Deni letu

Mwaka 2011 Steven Kanumba alimleta Mnigeria Ramsey Nouah katika Devil Kingdom, na kwa muda ilionekana filamu za Tanzania zitavuka mipaka kwa miguu yao. Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012, akazikwa makaburi ya Kinondoni mbele ya umati ambao mji haujausahau. Miaka iliyofuata soko la diski lilianguka kwa udurufu haramu na kwa simu za mkononi. Maduka ya kukodisha kanda yakafungwa. Vibanda vingi vikageuka vya kuonyeshea mpira.

Kilichobaki kiko hatarini. VHS inaota ukungu katika unyevu wa pwani, na diski za bei nafuu zinachubuka. Filamu za Banzi na wenzake zilitoka kwa nakala nyingi na zimehifadhiwa kwa nakala chache. Sauti za watafsiri wa vibandani, ambazo kizazi kizima kilijifunzia sinema, nyingi hazikurekodiwa kabisa. Tunacho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachofundisha sanaa, tunayo Bodi ya Filamu, tunalo tamasha la Zanzibar lililoanza miaka ya 1990. Wote hao wanaweza kuanza kesho: kukusanya kanda majumbani, kuzihamishia katika kompyuta, kuwahoji wapiga picha, wapambaji na wenye vibanda wangali hai, na kuziwekea kumbukumbu zenye majina na miaka. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na faida yake.

Faida hiyo ni kubwa kwa sababu filamu za kutisha husema yale ambayo filamu za mapenzi na za harusi huyapita kimya. Mtafiti wa miaka 50 ijayo atakayetaka kujua watu wa Dar es Salaam waliuonaje utajiri wa ghafla, waliishije na fidia isiyokuja, walimwogopa nani na walimwonea nani, atapata takwimu katika ripoti za serikali. Yaliyokuwa mioyoni atayapata katika Shumileta, katika jumba lenye chumba kisichofunguliwa, na katika msukule anayefanya kazi hadi alfajiri. Na waandishi wa sasa wa filamu wanayo kazi ya pili: kuacha kuazima majumba ya wengine, na kuigeuza kamera kuelekea Kipawa, Buguruni na Vingunguti, wakiwa na ujasiri wa Muhammed Said Abdulla wa kututisha kweli kweli, kisha kutuonyesha ni mkono wa nani ulioshika panga.